Kilo Zangu ni Sitini: Kugeuza Wimbo wa Watu Ubebe Fizikia

"Mwalimu, kwa hiyo nikifika Mwezini nitakonda?"

Swali hilo niliulizwa saa nane mchana, kidato cha pili, baada ya kueleza tofauti ya tungamo na uzito kwa dakika 40. Ubao ulikuwa umejaa. Darasa lilicheka, nami nikacheka, lakini njiani kurudi nyumbani niliona kwamba aliyeuliza alikuwa na haki yake. Nilimwambia uzito utapungua, na katika Kiswahili cha kila siku mtu aliyepungua uzito amekonda. Maelezo yangu yalikuwa sahihi na hayakumfikia.

Wiki ile niliandika wimbo wangu wa kwanza wa fizikia. Mahadhi sikutunga. Nilichukua ya wimbo ambao kila mtoto aliyepita chekechea anaujua, nikaondoa maneno, nikaweka ya kwangu. Tangu hapo nimegeuza nyimbo nyingi, nyingine zikafa siku ileile, na yafuatayo ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijaanza. Kama unafundisha, au una mdogo wako anayelia na fizikia, au unapenda tu kuchezea maneno, jaribu.

Kwanza usione haya kuazima. Sisi ni watu wa kuazima mahadhi tangu zamani. Wimbo wa Taifa wa Tanzania unaimbwa kwa mahadhi aliyoyatunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, mwaka 1897. Wimbo wa Taifa wa Kenya umejengwa juu ya bembelezi la Wapokomo. Tenzi za Rohoni ni mahadhi ya Ulaya na Marekani yenye maneno ya Kiswahili. Na Mombasa, marehemu Juma Bhalo alijaza kumbi kwa taarabu iliyopanda juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Hakuna aliyemwambia anaiba. Watu walisikiliza maneno.

Fizikia nayo ina desturi hiyo. James Clerk Maxwell, Mskoti aliyeunganisha umeme na sumaku katika milinganyo yake miaka ya 1860, aligeuza wimbo maarufu wa Robert Burns uwe wimbo wa magimba yanayogongana, na inasemekana aliuimba mwenyewe akipiga gitaa. Katika maabara ya Cavendish, Cambridge, ambako J. J. Thomson aligundua elektroni mwaka 1897, watafiti walikuwa na karamu ya kila mwaka ambapo waliimba nyimbo za watu zilizobadilishwa maneno, juu ya ioni na vifaa vyao vya maabara. Kwa hiyo mkuu wa shule akichungulia dirishani akakuta darasa linaimba, una pa kujitetea.

Anza na sentensi, usianze na wimbo

Hili ndilo kosa la wengi. Mtu anasikia wimbo unaotamba redioni, anaupenda, halafu anatafuta fizikia ya kuutia ndani. Hatimaye anapata wimbo wenye maneno ya fizikia na usiofundisha chochote: kani, nishati, atomu, mwanga, tunapenda sayansi, oyee.

Keti kwanza uandike sentensi moja ambayo ungetaka mwanafunzi akumbuke akiwa amelala. Moja. Iwe na "kwa sababu" ndani yake, au "ndiyo maana", au "ukifanya hivi kitatokea hivi". Yangu ilikuwa: *Tungamo langu halibadiliki nikienda Mwezini, uzito ndio unaopungua, kwa sababu Mwezi unanivuta kidogo kuliko Dunia.* Kama sentensi yako haina sababu ndani yake, hiyo ni orodha, na orodha ina matumizi yake lakini si haya.

Orodha iliyo maarufu kuliko zote ni ya Tom Lehrer, mwalimu wa hisabati wa Marekani, aliyechukua mahadhi ya opera ya Gilbert na Sullivan ya mwaka 1879 akayapangia majina ya elementi zote 102 zilizojulikana mwaka 1959. Ni kazi ya ajabu, ulimi unakimbia mpaka unaogopa utakatika. Lakini ukimaliza kuusikiliza hujui kwa nini heliamu haiungani na kitu na sodiamu huungana na vitu vingi. Lehrer hakukusudia kufundisha, alikusudia kuchekesha, na alifaulu. Wewe ukikusudia kufundisha, usimwige.

Upande wa pili kuna Tim Blais, kijana wa Kanada aliyesoma fizikia Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka 2013 alichukua wimbo mkubwa wa kundi la Queen akaugeuza uwe maelezo ya nadharia ya nyuzi, sauti zote akiziimba yeye mwenyewe. Hata Brian May, mpiga gitaa wa Queen ambaye mwenyewe ana shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga, aliusifu. Nami nauheshimu sana. Ila ukimpa mtu asiyejua habari hizo atashangaa tu, hatatoka na kitu mkononi, maana umebeba mengi mno. Kwangu mimi kielelezo bora ni rapu ya mwaka 2008 ya Kate McAlpine kuhusu mashine ya CERN, ile pete ya kilomita 27 iliyo chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ni rapu tu, haikugeuza wimbo wa mtu, lakini inakwenda hatua kwa hatua: chembe zinaingia wapi, zinazungushwaje, zinagonganishwa ili kutafuta nini. Anayesikiliza anaweza kumsimulia mwenzake.

Mizani, kisha mkazo

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndipo nyimbo nyingi hufia.

Chukua mahadhi ya wimbo wa nyota unaoimbwa chekechea, ambayo pia ndiyo watoto huimbia herufi za Kiingereza. Yalitoka Ufaransa karne ya 18 na hayana mwenyewe wa kukudai. Yaimbe kwa "la la la" huku ukipiga meza kwa kidole. Utahesabu noti saba katika kila kipande, na vipande sita kwa jumla. Mtu wa haraka atasema: basi nahitaji mishororo sita ya mizani saba. Nilisema hivyohivyo. Niliandika mishororo sita safi ya mizani saba, nikaimba, ikasikika kama Mzungu anayejifunza Kiswahili.

Sababu yake ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, u-ZI-to, si-TI-ni. Mahadhi yale yanakaza noti ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, na hiyo ya saba ndiyo ya mwisho, tena ndefu. Kwa hiyo neno lako la mwisho linalazimika kukazwa mkiani: sitiNIII. Ndiyo maana hata katika tenzi nyingi unasikia neno limevutwa mwisho hadi linabadilika sura.

Dawa niliipata kwa bahati. Noti ile ya saba ni ndefu maradufu ya nyingine. Ikate iwe mbili fupi. Sasa una noti nane, na mkazo wa saba umeangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo Kiswahili kinautaka. Mizani nane! Hiyo ni nusu ya mshororo wa shairi letu la kawaida, ukwapi au utao, ambao malenga wamekuwa wakiupima kwa karne nyingi. Wimbo wa chekechea wa Kifaransa ukikatwa mkia unakuwa shairi la Kiswahili. Nilipogundua hilo nilitembea chumbani peke yangu nikiimba kama mwehu.

Huu hapa wimbo wenyewe:

*Kilo zangu ni sitini,*
*Na Mwezini ni sitini,*
*Na uzito kuupata,*
*Ni wa hapa, gawa sita.*
*Mwezi una kani ndogo,*
*Mwili wangu si mdogo.*

Piga meza uone. KI-lo ZA-ngu ni si-TI-ni. MWE-zi U-na KA-ni NDO-go. Kidole na ulimi vinakwenda pamoja. Mshororo wa pili ulikuwa awali "Nikipelekwa Mwezini". Uhesabu: nane kamili. Uimbe sasa: mkazo wa mahadhi unaangukia "pe" na "kwa", wakati neno lenyewe linataka "le". Idadi ni sawa na bado unachechemea. Kwa hiyo kuhesabu mizani hakutoshi. Lazima uimbe kwa sauti, na ikiwezekana mpe mtoto asiyejua unachotafuta aimbe, maana wewe utajisaidia bila kujijua.

Angalia pia umbo la mahadhi. Kipande cha tatu kinaanza juu na kushuka ngazi kwa ngazi, kisha cha nne kinarudia kushuka vilevile. Hapo ndipo nilipoweka uzito unaopungua. Vipande viwili vya mwisho vinarudi mahadhi yaleyale ya mwanzo, na hapo nimerudi kwa mwili uleule wa mwanzo, ule wa kilo sitini, kusema haukupungua. Sidai kwamba wanafunzi huliona hilo. Ila sikio linapokwenda juu wakati maana inakwenda chini, kitu fulani hukataa, na wimbo hauingii.

Mstari wa mwisho ndio jibu la yule kijana wa kukonda. Ukiandika wimbo wako, tafuta swali la kijinga ulilowahi kuulizwa kuhusu jambo hilo na ulijibu mwishoni. Maswali ya kijinga ndiyo yanayoonyesha pale lugha ya mtaani na lugha ya fizikia zinapogongana.

Najua kuna mwenzangu ambaye ameshakunja uso kwenye "kani ndogo". Ana hoja. Kwa usahihi kinachopungua ni nguvu ya uga wa mvutano: karibu nyutoni 9.8 kwa kila kilo hapa Duniani, na nyutoni 1.6 hivi kule. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588 hapa na kama nyutoni 97 kule. "Gawa sita" nayo ni ya kukadiria. Nilijaribu kuingiza "uga" nikaishia na mshororo ambao hakuna mtoto angeuimba kwa hiari. Nikaamua: wimbo useme ukweli wa kukadiria, ubao useme ukweli wenye nukta. Ila uongo usiruhusu, hata mtamu.

Maneno yenye sura mbili

Kichekesho cha Maxwell kilitegemea neno moja: katika wimbo wa Burns, kwa Kiskoti, neno hilo lina maana ya mtu, na katika fizikia ni gimba. Watu wawili wanaokutana shambani wakawa mawe mawili yanayogongana hewani. Kiswahili kina utajiri wa namna hiyo, na nashangaa hatuutumii.

Chukua *kazi*. Katika fizikia kazi hupatikana pale kani inapokisogeza kitu: kani mara umbali. Ukisukuma ukuta kutoka asubuhi hadi jioni, ukatoka jasho, ukachanika fulana, ukuta usisogee, kazi yako ni sufuri. Mueleze hivyo kibarua uone! Lakini hapo ndipo wimbo ulipo. Taarabu ya mipasho ni ya vijembe. Mke anayelalamika kwamba mumewe amesukuma ukuta kutwa na hakuna kazi aliyofanya ni wimbo ambao ukumbi mzima utaucheka, na wakicheka wamekwisha kuelewa kwamba bila umbali hakuna kazi.

*Msuguano* nao uko kwenye ndoa na uko kwenye breki za baiskeli. *Mkondo* uko mtoni na uko kwenye waya. Na *mvuto*, jamani. Nusu ya Bongo Fleva ni mvuto. Kila wimbo wa mpenzi aliye mbali ni wimbo wa Newton ambao bado haujajijua, kwa sababu kanuni yake inasema magimba mawili yanavutana kwa kani inayopungua kwa mraba wa umbali. Umbali kati ya vitovu vyake ukiwa mara mbili, kani inabaki robo. Mara tatu, inabaki moja ya tisa. Inafifia haraka, na haiishi. Msomaji, hebu niambie kama hayo si mapenzi ya mtu aliyekwenda kufanya kazi Muscat.

*Mbali mara mbili, mama,*
*Na mvuto huwa robo;*
*Hata kule kwenye nyota*
*Bado, bado unavuta.*

Utaona mishororo miwili ya kwanza haina kina. Nilihangaika jioni nzima kutafuta neno linaloishia na "bo" litakaloingia pale. Nilipata maneno, kila moja likiondoa "mara mbili" au "robo", na hizo ndizo fizikia yenyewe. Kina kikafa. Ukifika njia panda kati ya kina na namba, shika namba. Sikio la mwanafunzi linasamehe kina kilichokosekana, mtihani hausamehe robo iliyogeuka nusu.

Tahadhari ndogo: wimbo wa mapenzi darasani unachekesha mara ya kwanza, na mara ya tatu kuna mtu atatajwa jina. Upangie siku moja tu, usiufanye desturi.

Mchakamchaka

Kwa kanuni ya tatu ya Newton usitafute wimbo wa kuketi. Watoe nje.

Shule zetu nyingi zina mchakamchaka, na mchakamchaka una kitu ambacho nyimbo za kuketi hazina: mmoja anatoa, wengi wanajibu. Kanuni ya tatu nayo ni hivyohivyo, kila tendo lina jibu lililo sawa nalo na linaloelekea kinyume. Mwimbishaji atoe:

*Nyayo zasukuma nyuma!*

Na wote waitikie:

*Ardhi yasukuma mbele!*

Rudia huku mnakimbia, mguu ukigonga chini kila penye mkazo. Watu wengi hudhani wanapokimbia miguu yao ndiyo inayowasukuma mbele. La. Miguu inasukuma ardhi kwenda nyuma, na ardhi ndiyo inayomsukuma mtu mbele. Waimbishe mzunguko mmoja kwenye uwanja mkavu, kisha kama jana ilinyesha wapeleke penye tope. Watateleza, watacheka, na waulize mara moja kabla kicheko hakijaisha: kati ya nyayo na ardhi, nani amekataa kujibu? Hakuna. Basi kwa nini mmeteleza? Tope halina msuguano wa kutosha: nyayo zilisukuma kidogo, ardhi ikajibu kidogo vilevile. Dakika kumi, bila chaki.

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ni rahisi kuliko ya mizani nane kwa sababu hakuna noti za kuhesabu, kuna hatua tu.

Wimbo ukikosea

Nina wimbo mmoja ambao ningelipa nifutiwe. Ulikuwa wa sauti, na mahali fulani niliandika kwamba sauti "yapita angani". Nilimaanisha hewani. Lakini anga ni hewa na pia ni kule juu kwenye satelaiti, na wimbo ule ulishika sana, uliimbwa hadi bwenini. Mwisho wa muhula niliuliza kwenye jaribio kama mtu aliye Mwezini atasikia nyundo ikigonga jiwe mbele yake. Karatasi baada ya karatasi: atasikia, kwa sababu sauti hupita angani. Mwanafunzi mmoja aliweka hata alama za kunukuu.

Nilisahihisha darasani, nikaeleza kwamba sauti inahitaji kitu cha kupitia, kwamba hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, majini kama 1,500, na penye ombwe haiendi kabisa. Waliitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata waliimba "angani". Maelezo hayaondoi wimbo. Wimbo huondolewa na wimbo. Nikaandika mshororo wa kuziba tundu, "Penye ombwe haipiti", nikaubandika mahali palepale pa mahadhi, na nikawaimbisha mpaka ule wa zamani ukachoka.

Nilijifariji nilipojua kwamba hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1959 kulitoka Marekani wimbo wa watoto unaoeleza kwa nini Jua huwaka, na ulisema Jua ni gesi. Kundi la They Might Be Giants liliuimba upya miaka ya 1990, ukapendwa sana. Mwaka 2009 kundi hilohilo lilitoa wimbo mwingine wa kuusahihisha ule wa kwanza, kwamba Jua ni plazma, yaani gesi iliyopata joto kali hadi elektroni zikaachana na atomu zake. Nusu karne kati ya kosa na sahihisho.

Kwa hiyo kabla hujamwimbia mtu, usome wimbo wako kama adui. Kila neno liulize: mtaani lina maana gani nyingine? "Nguvu" ni neno la hatari kuliko yote, kwa sababu mtaani linameza kani, nishati na umeme kwa pamoja. "Joto" linameza halijoto. "Uzito" tumeshaona. Mpe mwenzako anayefundisha somo hilo ausome bila kuimba, maana mahadhi hufunika makosa.

Siku ya kuimba

Usigawe karatasi za maneno mwanzoni. Imba mara moja peke yako, vibaya ulivyo. Sauti mbaya ya mwalimu inawapa moyo. Halafu mshororo kwa mshororo, wewe na wao, kwa kugonga madawati. Maneno yaandikwe ubaoni baada ya kuimbwa, na kando ya *tungamo* na *uzito* andika istilahi za Kiingereza zitakazokuja kwenye mtihani, kwa sababu wimbo uko kwa Kiswahili na karatasi ya kidato cha nne haitakuwa hivyo. Hao wanaosema masi badala ya tungamo waache waseme masi. Mizani ndiyo itakayobadilika, na hilo ni zoezi lao.

Dakika tano zinatosha. Wimbo ukizidi hapo unakuwa kipindi cha muziki, na mwalimu wa muziki anaweza kuufanya vizuri kuliko wewe.

Kuhusu kurekodi: kuimba darasani ni jambo moja, kuupandisha YouTube ni jingine. Mahadhi ya msanii aliye hai yana mwenyewe. Ukitaka kuusambaza wimbo, tumia mahadhi ya kale, tunga yako, au mtafute mwenye wimbo umwombe, na ukikwama kuna ofisi za hakimiliki: Tanzania COSOTA, Kenya KECOBO. Usitegemee kwamba kwa kuwa ni elimu hakuna atakayeuliza. Na watoto wakionekana usoni, wazazi waambiwe kwanza.

Kisha pima. Kuimba bila kukosea hakupimi kitu. Kasuku naye huimba. Mimi huwauliza jambo ambalo wimbo haukulisema, lililo hatua moja tu pembeni. Baada ya wimbo wa kilo sitini swali langu ni uzito wa mtu huyohuyo kwenye sayari ya Mars. Anayejua wimbo peke yake ataandika "gawa sita" na kuendelea na maisha yake. Anayejua fizikia atainua mkono kuuliza Mars inavuta kiasi gani. Ukimwambia nyutoni 3.7 kwa kila kilo, atapata 222, na kilo atakuwa amezirudisha zilezile 60 bila kuulizwa.

Mara ya kwanza nilipouliza, mikono mitatu tu iliinuliwa kati ya darasa zima. Mmoja alikuwa yule wa kukonda. "Mwalimu," alisema, "gawa sita inakataa hapa." Nikamwambia basi atunge ubeti wa Mars. Akaenda ubaoni na chaki, wenzake wakimpigia madawati, na kwa robo saa walibishana namna ya kuingiza "zaidi kidogo ya theluthi" katika mizani nane bila kuvunja mkazo. Kengele ililia wakiwa na mizani kumi na moja, na nilipopita kwenye mlango wa bweni usiku ule walikuwa bado wanaihesabu kwa vidole.